Kufurahi na Watoto wa Darasa la Awali: Uzoefu wa Ngarambe



Ngarambe, huku Rufiji, inajulikana kwa Kinjikitile Ngwale na Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Mimi nimewaletea habari za wakazi wake wa miaka mitano, ninaoshinda nao darasani kila asubuhi. Ninachoamini ni kwamba mwalimu anayefurahia kukaa na watoto hawa huwafundisha vizuri zaidi, kwa kuwa husogea karibu nao, akayaona wanayoyajua tayari.

Asubuhi moja niliwapa udongo wa mfinyanzi. Wengi walifinyanga vyungu na mitumbwi. Mmoja akatengeneza kitu bapa cha mviringo, akakikandamiza kwa kiganja.

"Nini hicho, mwanangu?"

"Mguu wa tembo, mwalimu. Alipita kwetu, kwenye mihogo."

Kijiji chetu kiko jirani na pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, kwa hiyo watoto wanamfahamu tembo. Wenzake wakamzunguka. Wa kwanza akadai mguu wa tembo ni mkubwa kuliko huo, wa pili akakataa, ubishi ukapamba moto. Tukatoka nje. Wakachora miduara mchangani kwa kijiti, mkubwa na mdogo, kisha wakaingia mmoja mmoja huku wakihesabu nyayo zinazoenea. Nilicheka nao mpaka machozi. Kuhesabu, kulinganisha, kusubiri zamu, kutetea hoja: yote hayo yamo katika muhtasari wetu, na sikuwa nimeandaa hata moja kwa siku hiyo.

Najua mtaniuliza habari ya msongamano. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na mwaka 2016 ada zikaondolewa, hivyo watoto wakaongezeka madarasani. Ni jambo jema kabisa. Lakini mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na wakizidi mno mwalimu hukimbilia kuwaimbisha irabu kutwa. Hapo furaha hukauka kwa pande zote mbili.

Kona za ujifunzaji ndizo zinazoniokoa. Kundi moja huhesabu korosho na vifuniko vya soda, jingine huuza maboksi matupu ya dawa ya meno kwenye kona ya duka. Muuzaji mmoja, mikono kiunoni, alimwambia mteja wake, "Deni la jana hujalipa!" Nikajua mama yake ana genge.

Ombi langu kwa walimu wakuu: mwalimu wa awali aachiwe darasa lake mwaka mzima, asihamishiwe darasa la saba mtihani unapokaribia. Mtoto mdogo huchukua muda kumzoea mtu, na bila mazoea hasemi. Kipindi cha kona nacho kisikatwe ili watoto wanakili herufi kwenye madaftari ya kumwonyesha mthibiti ubora.