Mwenye Duka Aliyerudi kutoka Burma

(Hotuba iliyosomwa katika kilele cha Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Historia ya usharika huu imewataja wamisionari, wachungaji na walimu. Yafaa pia akumbukwe mtu ambaye hakupanda mimbarini hata siku moja. Jina lake halitasomwa hapa, kwa maana alipochangia mabati ya kanisa alisisitiza lisiandikwe popote. Watu walimwita Mwenye Duka, na hilo latosha.

Alibatizwa na kufundishwa kusoma na wamisionari wa Kijerumani. Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, serikali ya Waingereza ilianza kuwaweka wamisionari hao kizuizini. Kazi ya Injili ikabaki mikononi mwa wachungaji na wainjilisti wenyeji, wakisaidiwa na Walutheri wa Marekani. Kijana huyo naye akaingia Keya. Hivyo alivaa sare ya serikali ile ile iliyomfungia mchungaji aliyembatiza. Jambo hilo lilimsumbua maisha yake yote, wala hakulificha.

Alipelekwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944, katika majira ya mvua kubwa, divisheni hiyo ilipita bonde la Kabaw lililojaa tope na malaria, hata ikavuka mto Chindwin mwezi Desemba. Tarehe 12 Februari mwaka huo huo, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu 1,297 walipoteza maisha, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Rafiki yake wa darasa la kipaimara alikuwamo. Kila mwaka, ifikapo tarehe hiyo, duka halikufunguliwa kabla ya saa sita mchana.

Kiinua mgongo chake cha jeshi kilimpatia chumvi, sabuni, mafuta ya taa, viberiti na majembe ya kuanzia. Sheria ya kikoloni ya tangu miaka ya 1920 ilimzuia mfanyabiashara kudai mahakamani deni la Mwafrika lisilo na kibali. Hivyo wenye maduka ya jumla walisita kumkopesha. Yeye alinunua kwa fedha taslimu, lakini majirani zake aliwakopesha, akiandika yote katika daftari. Hakuwa mtu laini. Mara moja alimnyima mjane sukari kwa sababu ya deni la mwanawe. Baadaye alikwenda kwa mama huyo pamoja na mzee wa kanisa, akaomba radhi.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, na maduka ya watu binafsi yakafungwa ili kupisha maduka ya vijiji. Daftari lilikuwa limejaa. Wanawe walimsihi awadai wote mara moja. Alikataa, akisema kuwa watu waliohamishwa juzi kutoka mashambani mwao hawana cha kulipa. Mwanawe mkubwa hakusema naye kwa muda mrefu, kwa maana fedha hizo ndizo zilizokuwa mtaji wake wa kuanzia maisha. Mzee alikubali kuandika hesabu za duka la kijiji bila malipo, ingawa rafu zake mara nyingi zilikuwa tupu. Biashara ilipolegezwa mwaka 1984, alifungua tena mlango wake.

Siku ya maziko yake, ilipofika zamu ya familia kutangaza habari za madeni kama ilivyo desturi, aliyesimama alikuwa mwana yule mkubwa. Alisema, "Marehemu hamdai mtu." Ndipo watu watatu wakasimama mmoja mmoja, wakataja walichokopa na mwaka, na wakakilipa kwa wiki zilizofuata.

Wapendwa, sheria ilidhani kuwa Mwafrika haaminiki kwa mkopo. Mtu huyu aliamini kinyume chake, na kwa kuamini huko alipata hasara ya kweli, yeye na nyumba yake. Usharika unaoanza karne ya pili utahitaji mabati na saruji. Lakini utahitaji zaidi watu wanaoweza kuaminiana namna hiyo.

Mungu aubariki usharika huu. Amina.