Swali kwa Baba wa Mtoto

Nawasalimu ninyi mlioko Rongo na Awendo mnaojiandaa kwenda kwenye miwa, ninyi wa Nyatike na Muhuru, na ninyi wa Mbita, Rusinga na Mfangano ambao huenda mnasikiliza huku mkingojea mashua zirudi kutoka ziwani. Karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Somo letu linatoka katika Injili ya Marko, sura ya tisa, kuanzia mstari wa kumi na nne. Ni habari ya yule baba aliyemleta mwanawe aliyekuwa akianguka na kutoa povu. Habari hii nimeihubiri mara nyingi. Kila mara nilikimbilia mwisho wake, pale baba anapokiri kwamba imani yake ni ndogo, maana hapo mhubiri hupata la kusema. Lakini kuna neno dogo katika mstari wa ishirini na moja ambalo nililipita miaka mingi, hata chuoni ambako tulifundishwa kutolipita neno. Mtoto anagaagaa chini, watu wanasongamana, waandishi wanabishana na wanafunzi, na Bwana Yesu anamgeukia baba na kumwuliza ni muda gani tangu jambo hili limpate mtoto. Baba akajibu kwamba ni tangu utoto, tena akaeleza jinsi anavyoanguka motoni na majini.

Bwana alijua yote. Hata hivyo aliuliza, akangoja jibu. Wala baba hakuambiwa kwamba kueleza dalili ni upungufu wa imani.

Swali hilo nililielewa mwaka 2013, nami sikulielewa madhabahuni.

Mwana wetu wa pili alikuwa na miaka mitatu. Ilikuwa juma la mateso, na wachungaji wenzangu wanajua kazi za juma hilo. Siku ya Jumatano mtoto akashikwa na homa. Mke wangu akasema twende hospitali apimwe. Mimi nikasema tungoje kidogo, maana kabatini kulikuwa na vidonge vya malaria vilivyobaki dada yake alipougua. Nikampa nusu ya vile, nikamwekea mkono kichwani, nikaomba, nikaenda zangu kanisani. Alhamisi homa ikashuka, nikamshukuru Mungu mbele ya watu. Ijumaa Kuu ikarudi. Nikasema tutakwenda Jumatatu, baada ya Pasaka.

Usiku wa Jumamosi mtoto akakakamaa, macho yakapinduka, mikono na miguu ikaanza kutikisika. Majirani walikuja kwa upendo, nami siwalaumu. Mmoja akasema ni sihoho, jicho baya la mtu. Mwingine akaleta kijiko amtie kinywani. Wa tatu akaleta maji baridi. Mimi, mchungaji wao, nilisimama tu. Mke wangu ndiye aliyemfunga mtoto kwa leso na kupanda pikipiki.

Tulipofika, muuguzi hakuniuliza kama nimeokoka. Aliniuliza, "Baba, homa ilianza lini?" Wapendwa, nilisikia kama nimesomewa Marko sura ya tisa kwa mara ya kwanza. Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba ilianza Jumatano. Akauliza tumempa nini. Nikamwambia. Hakunigombeza, akaandika tu.

Mtoto alilazwa siku tisa kwa malaria iliyopanda kichwani, akapona. Waliokuja kutushangilia walisema ni muujiza, nami nasema vilevile. Lakini habari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayonipa shida kuisimulia.

Miezi iliyofuata mtoto akawa, kama tulivyosema, mkaidi. Unamwita haji. Unamtuma anaketi. Mwalimu wa chekechea akaleta mashtaka kwamba hasikilizi, anasukuma wenzake, anapiga kelele. Nami nikachukua fimbo. Nilijua mafungu ya Mithali yanayotaja fimbo, tena nilikuwa nimeyafundisha kwenye semina ya wazazi. Nilimchapa kwa kutokuja alipoitwa, si mara moja. Zaidi ya mwaka ulipita hivyo. Kisha mama mmoja anayefundisha Shule ya Jumapili, mtu wa darasa la saba tu, akanijia baada ya ibada akasema, "Mchungaji, nimemwangalia huyu mtoto. Nikisimama upande wake wa kulia ananijibu. Nikisimama kushoto ananyamaza. Nadhani hasikii."

Tukampeleka kupimwa. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa karibu lote, na la kulia limepungua. Daktari akasema kwamba yaelekea ni ule ugonjwa, kwa kuwa kabla yake mtoto alisikia vizuri. Akatueleza kwamba watoto wanaopona malaria ya kichwani si wote wanaorudi walivyokuwa. Uchunguzi uliofanywa kwetu Kenya, huko Kilifi, na kwa jirani zetu Uganda umeonyesha kwamba karibu mmoja kati ya wanne hubaki na athari fulani: katika kusema, kusikia, kukumbuka, kutulia, au kifafa. Kwa hiyo yule mtoto "mtundu" wa jirani yako, aliyewahi kulazwa akiwa mdogo, umepata kujiuliza?

Nilikuwa nimemchapa mtoto kwa sababu ya sikio. Nilimwita nikamwomba msamaha. Akanitazama, kisha akauliza kama sasa anaweza kwenda kucheza.

Najua kuna wazazi wanaosema, sawa, huyo alikuwa mgonjwa, lakini wangu ni mzima na mkaidi kweli. Na hapo pia tuulize kwanza. Mtoto wa miaka miwili anayejitupa chini sokoni Oyugis huenda ana njaa, au hajalala, au hana maneno ya kusema anachotaka. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya matokeo ya uchunguzi 75 wa watoto zaidi ya 160,000, kuona kama kuchapwa kunawatengeneza. Hawakupata faida iliyodumu. Walichokiona ni kwamba watoto wanaochapwa huelekea kuwa wagomvi zaidi na wenye huzuni zaidi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, wala haikusema isipokuwa watoto. Kuhusu Mithali, nitasema neno moja tu, maana ni mada ya siku nyingine. Mimi nimechunga ng'ombe na kondoo nikiwa kijana. Fimbo ya mchungaji huonyesha njia na kufukuza fisi. Daudi katika Zaburi ya 23 anaitaja kuwa faraja kwake. Kondoo anayechapwa kila siku haoni faraja, humkimbia mchungaji.

Kinachosaidia ni vitu vidogo. Piga magoti uwe sawa na macho yake, ndipo useme. Mwambie jambo moja, si matano. Akitenda vema, sema umeona. Akikosea, mnyime kitu kwa muda mfupi, wala usibadili neno lako kwa kuwa amelia. Mzungumzishe hata kabla hajajua kusema, unapomwosha na unapochambua mboga, kwa Dholuo, Kikuria au Kiswahili, lugha yoyote unayoipenda. Akina baba, hilo si kazi ya mama peke yake. Katika Marko sura ya tisa aliyemleta mtoto ni baba. Nenda leo kliniki yoyote ya Migori uhesabu akina baba walioketi kwenye benchi.

Sasa nirudi kwenye homa, maana ndiyo inayozika watoto wetu. Uchunguzi wa malaria wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta vimelea katika damu ya watoto 27 kati ya kila 100 katika kanda yetu ya ziwa. Mwaka 2020 walikuwa 19. Tumepiga hatua, lakini nchi nzima kwa jumla mwaka huo walikuwa 6 kati ya 100. Mbu wa Kuja na Lambwe hajahama.

Basi mtoto akishikwa na homa, apimwe siku hiyohiyo au kesho yake. Ni tone la damu kidoleni na dakika chache. Tusitibu kwa kukisia, kwa sababu homa nyingine ni ya mapafu au ya mkojo na haisikii dawa ya malaria. Dawa ikitolewa, imalizwe yote, hata kama mtoto anacheza. Ile iliyobaki kabatini mwangu haikupaswa kubaki. Tena shikeni dalili hizi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, au ametikisika kwa degedege. Ukiiona hata moja, usingoje mapambazuko, wala Pasaka. Akiwa katika degedege mlaze ubavu, usimtie chochote kinywani, usimmwagie maji, na safari ianze. Ombeni njiani. Mimi huomba vizuri zaidi nikiwa juu ya pikipiki siku hizi.

Lipo pia jambo jipya ambalo mwanangu hakulipata, maana halikuwapo. Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya malaria, na haikuzinduliwa Nairobi. Ilizinduliwa Ndhiwa, hapa Homa Bay. Wapo wanaonong'ona kwamba ni kitu kilicholetwa kujaribiwa kwetu, au kwamba inaua uzazi. Ndugu, majaribio yalifanyika kabla, kati ya mwaka 2009 na 2014, kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Wamo watoto wa Kombewa na Siaya, ambao ni jirani na shemeji zetu. Watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata sindano zote nne walipungukiwa na malaria kwa karibu nne katika kumi, na malaria kali kwa karibu tatu katika kumi. Kisha, katika sehemu za Kenya, Ghana na Malawi zilizotangulia kuitumia, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, ukiondoa vya ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Sijasikia mahubiri yangu yakipunguza vifo kwa asilimia hata moja.

Lakini si ngao kamili. Mtoto aliyechanjwa bado alale ndani ya chandarua. Nimepita ufuoni Karungu nikaona vyandarua vipya vimetandazwa chini na omena wanakauka juu yake. Naelewa, omena ndio karo ya shule. Hata hivyo kile kilichotolewa kliniki kwa ajili ya mtoto mchanga kimrudie mwenyewe usiku.

Sindano zenyewe zilipangwa hivi wakati wa kuzinduliwa: miezi 6, miezi 7, miezi 9, na ya nne mtoto akifika miaka miwili. Angalieni kitabu cha kliniki na mfuate muuguzi anavyowaandikia. Tatu za kwanza akina mama wengi huzileta. Ya nne ndiyo hupotea. Kufikia hapo mtoto anakimbia, mama amebeba mwingine au amerudi shambani, na kitabu kimeliwa na mchwa. Nayo ndiyo inayoendeleza kinga wakati zile za kwanza zinapofifia.

Hapa nina ombi kwa makanisa yetu ya Anglikana, na ndugu wa makanisa mengine waone kama linawafaa. Tunabatiza watoto wachanga, na kila mtoto husimamiwa na wadhamini. Wengi wetu tulikuwa wadhamini wa siku moja, tukala wali na kuku, tukaenda. Katika parishi yangu sasa, siku ya kuandikisha ubatizo, natazama kitabu cha kliniki mezani, na katika rejista, kando ya majina ya wadhamini, naandika mwezi ambao sindano ya nne itafika. Mwezi ule ukifika mdhamini anakwenda nyumbani kwa mtoto. Hakwendi kugombeza. Anakwenda kuuliza. Mzee mmoja wa kanisa alilalamika kwamba tumegeuza rejista ya ubatizo kuwa ya zahanati. Nilimwonyesha mjukuu wake mwenyewe katika orodha, mwezi umepita. Juma lililofuata alimpeleka yeye mwenyewe, kwa baiskeli.

Mwanangu sasa ni kijana. Kanisani huketi upande wa kushoto wa safu, ili sikio lililobaki lielekee mimbari. Nami nimejifunza kusema polepole.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemsikiliza yule baba hadi akamaliza kueleza, uwe pamoja na mama aliye njiani asubuhi hii na mtoto mwenye homa mgongoni. Mpe usafiri, na dawa aikute. Umtie nguvu muuguzi aliyekesha. Utusamehe sisi akina baba tuliongoja. Na mtoto ambaye leo atachapwa kwa jambo asiloliweza, umpatie mtu wa kuona. Kwa jina lako takatifu. Amina.