Mtoto Mgeni Darasani



Nimeombwa niseme juu ya malezi ya moyo katika skuli. Nitasema habari za mtoto mmoja.

Mwaka 1968 James Comer, daktari wa maradhi ya akili wa Chuo Kikuu cha Yale, alianza kazi katika skuli mbili za watoto maskini mjini New Haven, Marekani. Siku moja aliletwa mtoto wa miaka minane aliyetoka mashamba ya North Carolina. Alipoingizwa darasani aliuona uso wa mwalimu kama wa mtu aliyeongezewa mzigo. Akashikwa na hofu, akampiga mwalimu teke, akakimbia.

Mahali pengi shauri lingekwisha kwa bakora. Comer na wenziwe waliuliza mtoto ameona nini, wakatambua kuwa amewaacha watu wake wote na kutupwa kati ya wageni. Basi walimu wakapanga namna ya kumpokea kila mgeni.

Skuli hizo ziliongozwa na halmashauri ya mwalimu mkuu, walimu na wazazi, na sharti lao mojawapo ni kutolaumiana. Sisi makarani, tuliozoea barua za kutakiwa maelezo, twajua ugumu wa sharti hilo!

Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 ziliagiza kila adhabu ya viboko iandikwe daftarini. Ninyi mlio katika kamati za skuli, liombeni daftari hilo, mkauliza kwa kila jina: mtoto huyu alikuwa ametoka wapi asubuhi ile?