Pembetatu Tatu za Dhahabu: Nembo ya Zelda na Maana Yake

Ukiuliza ilikotoka Triforce, zile pembetatu tatu za dhahabu zinazoutambulisha mfululizo wa michezo ya video wa The Legend of Zelda, jibu la haraka utakalopewa ni ukoo wa Hojo. Ukoo huo ulitawala Japani kutoka Kamakura katika karne ya 13, ukaangushwa mwaka 1333, na alama yake ilikuwa pembetatu tatu: moja juu, mbili chini, nafasi tupu katikati. Masimulizi ya kale yanaeleza kwamba Hojo Tokimasa alipokwenda kuomba katika kisiwa cha Enoshima alitokewa na mungu wa kike, ambaye aligeuka joka, akazama baharini na kuacha magamba matatu. Alama hizi zinafanana, na sina haja ya kulipinga hilo. Ninalopinga ni kudhani kwamba kwa kulijua hilo tumekwisha kuielewa nembo.

Tuifuate miaka ilivyopangana. Mchezo wa kwanza, ambao Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka waliubuni na Nintendo ikautoa mwaka 1986, haukuwa na Triforce tatu. Zilikuwa mbili: ya Nguvu, aliyoipora adui mkuu Ganon, na ya Hekima, ambayo binti mfalme Zelda aliivunja vipande 8 na kuvificha. Ya Ujasiri ilizaliwa mwaka 1987, katika mchezo wa pili. Mwaka 1991, A Link to the Past ilifunguliwa kwa pembetatu tatu zikijongeleana mpaka zikaungana. Na ni mwaka 1998, katika Ocarina of Time, tulipopewa ngano ya miungu watatu wa kike walioumba ulimwengu na kuiacha nembo hiyo nyuma yao. Ngano ndiyo iliyokuja mwisho. Kilichotangulia ni kazi: mchezaji wa 1986 alishuka katika mapango 8 yenye giza na maadui, akatoka na kipande kimoja kila mara. Pembetatu ile ilikuwa na jasho lake kabla haijawa na historia yoyote.

Atatokea wa kusema kwamba umbo la mwaka 1991 huenda lilichotwa kwa Hojo hata hivyo. Yawezekana, nami sioni ubaya. Lakini umbo laweza kuhama na maana ikabaki lilikotoka. Magamba ya joka yalikuwa ahadi kwa nyumba moja, ikirithiwa na vizazi vyake. Triforce ya 1998 hairithiwi: anayeigusa bila uwiano moyoni husalia na sehemu moja tu, ile anayoiamini zaidi, na mbili zilizobaki huwaendea wengine. Hiyo ni hukumu juu ya tamaa, na sijaiona popote katika simulizi la Enoshima.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hii ni alama ya biashara tu. Kwamba inauza, inauza. Hata hivyo alama ya biashara kwa kawaida huanzia nje, juu ya boksi, ilhali hii ilianzia ndani, kama kitu cha kutafutwa. Mchezo mwingine wa video, Pac-Man wa mwaka 1980, unathibitisha kwa njia fupi jambo lilo hilo, kwamba maana huanzia ndani ya mchezo. Mbunifu wake, Toru Iwatani, ameeleza kwamba ili kupata mduara wenye mdomo wa mhusika wake alichanganya pizza iliyotolewa kipande na herufi ya Kijapani ya mdomo. Mchezaji asiyeijua herufi hiyo huuelewa mduara ule mara moja, kwa sababu ameuona ukila.