GARI KUUKUU NA UKAGUZI
(Maneno ya dereva wa gari la chama katika mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa faida ya wasiohudhuria.)



Nimetakiwa nieleze kwa nini magari yaliyokwenda sana hukataliwa kwenye ukaguzi. Wapo wanaosema mkaguzi anatafuta chake tu. Haya, tulitazame kwanza gari lenyewe.

Gari halikataliwi kwa uzee. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe zima likiwa barabarani. Jipya likiwa bovu litakataliwa, na kuukuu likitunzwa litapita. Ila kuukuu lina magonjwa yake.

Kwanza, breki. Lainingi huisha na mipira huvuja. Maji ya breki nayo yakikaa miaka bila kubadilishwa hunyonya unyevu. Breki zikipata moto mteremkoni unyevu ule huchemka, unakanyaga pedeli inazama tu. Anayeshuka Sekenke kule Singida na mzigo anaelewa nasema nini. Na sisi wa Dodoma hatuna haja ya kuhadithiwa. Tarehe 24 Juni 2002, kati ya Igandu na Msagali, treni ya abiria ilishindwa kuzuilika mlimani, ikarudi nyuma mpaka ikagongana na ya mizigo. Watu 281 walikufa. Chuma kizito kisichozuilika hakina huruma, kiwe relini au barabarani.

Pili, usukani na miguu ya mbele. Njia zetu za vumbi na mawe hulegeza bushi, boljointi na beringi. Jipimieni wenyewe: inua gurudumu la mbele kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, beringi au boljointi zimelegea. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, tazama viungo vya usukani.

Tatu, tairi. Kipara kila mtu anakiona. Lakini tazameni pia nyufa za jua ubavuni. Na tairi likilika upande mmoja, msikimbilie kununua jipya. Ugonjwa uko kwenye miguu, jipya nalo litaliwa vile vile.

Nne, taa. Globu moja au waya uliokatika unaweza kulirudisha gari zima nyumbani. Taa ya breki ndiyo inayomwambia wa nyuma kwamba unasimama.

Tano, chasisi na springi. Hapa ndugu zangu msinikasirikie. Springi hazivunjwi na umri peke yake. Zinavunjwa na yale magunia ya "ongeza mawili tu, dereva".

Sasa kuna hii desturi ya kuazima tairi nzima kwa jirani, gari likaguliwe, kesho yake zirudishwe. Hapo mkaguzi hakudanganywa sana, maana yeye hapandi gari lile. Wanaolipanda ni wake zetu na watoto wetu, na alizeti yetu ndiyo inayobebwa. Stika kiooni haifungi breki.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo manne:

1. Kila safari itenge fedha ya matengenezo kabla ya kugawana chochote.
2. Pawe na daftari la gari: kilometa, mafuta, maji ya breki, tairi, na siku fundi alipoligusa.
3. Tulikague wenyewe mwezi mmoja kabla ya mavuno. Likikataliwa wakati magunia yamejaa ghalani, wachuuzi watatununulia kwa bei wanayotaka wao.
4. Dereva akisema gari halitoki, lisitoke. Na watu wasipande juu ya mzigo.

Najua mtasema fedha haitoshi. Ni kweli, haitoshi. Lakini lainingi tunaweza kuchangishana tukanunua. Mtu hatuwezi.

Mwenye swali anikute garini jioni, aje na mikono ya kushika spana.

Ushirika ni nguvu.