Makuta yetu haikuokotwa

Bandugu na badada, tuko na diploma mukononi, kazi hakuna. Tunakusanya franga kidogo kidogo, tunaagiza simu kwa WhatsApp. Makuta inaenda, boksi inafika na kipande cha sabuni ndani. Tukilalamika, tunaambiwa: «Mulijitakia.»

Hapana! Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inchi yetu iko na sheria ya mambo ya kidijitali, na biashara ya mtandaoni imo.

Basi tulipe kisha kuona kitu. Tuchunge ujumbe, picha na namba ya malipo. Tulalamike kwa maandishi, tena pamoja: mutu mumoja wanamufukuza, makumi mbili wanasikilizwa.

Nanyi viongozi: sheria bila mahali pa kushitakia ni karatasi tu. Mutuonyeshe huo mulango!