Bunge la Taifa: Mheshimiwa Wetu Hufanya Nini Kule Nairobi?

(Mazungumzo na vikundi vya wakulima, akina mama na vijana wa Bumula)

Tumeombwa tuzungumze juu ya Bunge, na hasa ile nyumba inayoitwa Bunge la Taifa. Msiogope, hatutasoma Katiba yote kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na miwa, maana hiyo tunaijua. Mwaka 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Sukari, na chini yake kukawa na Bodi ya Sukari ambamo wakulima walikuwa na wawakilishi wao. Mwaka 2013 Bunge hilo hilo likapitisha sheria nyingine za kilimo. Ile ya 2001 ikafutwa, na kazi ya bodi ikamezwa na mamlaka moja kubwa yenye kusimamia miwa pamoja na chai, kahawa, pamba na mengine mengi. Ni wangapi kati yetu tulijua mswada huo unasomwa? Tulisikia mambo yakiwa yamekwisha. Halafu mbunge wa Emuhaya, Omboko Milemba, akaleta mswada wake, Mswada wa Sukari wa 2022. Ulipitia Bunge la Taifa na Seneti, na Rais akautia sahihi Novemba 1, 2024. Umerudisha Bodi ya Sukari, na ushuru wa asilimia 4 wa kuendeleza sekta hii. Mwaka uliofuata, 2025, kiwanda chetu cha Nzoia kikakodishwa kwa kampuni ya kibinafsi kwa miaka 30. Kukodisha kulikuwa uamuzi wa Serikali, lakini kuiuliza Serikali maswali ni kazi ya Bunge.

Sasa tuulizane kwa upole. Miaka hiyo yote, sisi tulikuwa tunamwomba mheshimiwa nini? Tulimwomba basari, hema la matanga, na mchango wa harambee. Kama ni hayo tunayompima nayo, basi hayo ndiyo atakayotuletea, na miwa itajadiliwa na watu wengine.

Tuangalie nyumba hii ilitoka wapi. Baraza la kutunga sheria lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907, nalo lilikuwa la wazungu. Mwafrika wa kwanza kuingia, Eliud Mathu, aliteuliwa na gavana mwaka 1944. Waafrika walipoanza kuchagua wajumbe wao wenyewe mwezi Machi 1957, viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima, na kimoja, cha Nyanza Kaskazini, kilichukuliwa na Masinde Muliro. Huyo hatuhitaji kuwaeleza. Lakini jueni kwamba hata siku hiyo si kila mtu alipiga kura. Ulipimwa kwa elimu, mali, umri na kadhalika, na mwenye sifa nyingi aliweza kuwa na kura hadi tatu peke yake! Mzee asiye na cheti wala mshahara alibaki nyumbani.

Uhuru ulikuja na nyumba mbili. Baraza la Wawakilishi, yaani nyumba ya chini, lilikuwa na wabunge 117 wa maeneo na 12 wa kuchaguliwa na wenzao. Seneti ilikuwa na watu 41, nayo iliwekwa kulinda majimbo. Haikudumu. Nyumba hizo ziliunganishwa kwa mabadiliko ya Katiba ya mwisho wa 1966, na maseneta hawakuambiwa waende nyumbani. Waliongezewa viti, 117 na 41, jumla 158. Ndivyo siasa inavyofanya: ukitaka mtu akubali kuvunja nyumba yake, mpe kitanda katika nyumba yako.

Miaka iliyofuata Bunge lilizidi kuwa la kupiga makofi. Mwaka 1982 nchi ikafanywa kwa sheria kuwa ya chama kimoja, na 1988 tukapanga mlolongo nyuma ya wagombea, ambapo mstari mfupi uliweza kutangazwa kuwa mrefu. Lakini tusiseme wote walinyamaza. Katika lile kundi dogo la wabunge wakaidi wa mwanzo wa miaka ya 80, ambao Charles Njonjo aliwabandika jina la akina dada saba wenye ndevu, alikuwamo Lawrence Sifuna wa hapa Bungoma. Vyama vingi viliporudi kisheria Desemba 1991, viti vilikuwa 188. Vikaongezwa kuwa 210 kwa uchaguzi wa 1997, na Bumula yetu ilizaliwa wakati huo. Mbunge wake wa kwanza alikuwa huyo huyo Sifuna.

Katiba ya 2010 ilirudisha nyumba mbili. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneo, akina mama 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa na vyama. Hao ni 349. Spika ni wa 350, lakini hana kura. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Tena Spika hawezi kuwa mbunge wala seneta, na hilo sisi tuliliona kwa macho. Moses Wetang'ula alichaguliwa Spika Septemba 8, 2022, mwezi mmoja tu baada ya sisi kumchagua seneta. Ikabidi aachie kiti, nasi tukarudi kwenye foleni Desemba 8 kuchagua seneta mwingine.

Watu hutuuliza: mbona kwenye televisheni viti ni vitupu? Kweli, wabunge 50 wanatosha kikao kuendelea. Lakini kazi nzito haiko pale, iko kwenye kamati. Mswada ukisomwa mara ya kwanza husomwa jina tu, halafu unakwenda kwa kamati, na kamati inalazimika na Katiba kusikiliza wananchi. Ukisomwa mara ya pili, wabunge wanajadili shabaha yake. Kisha Bunge zima linakaa kama kamati na kuupitia kifungu kwa kifungu. Kusomwa mara ya tatu ni kumalizia. Ukitaka kubadilisha neno, enda wakati wa kamati. Ukingoja mara ya tatu umechelewa, hata upige kelele namna gani.

Na pesa? Mswada wa kodi huanzia na kumalizikia Bunge la Taifa, Seneti haiugusi. Kwa hiyo Juni 25, 2024, wakati wabunge 195 walipoukubali Mswada wa Fedha na 106 wakaukataa, hakukuwa na nyumba nyingine ya kuuzuia. Vijana waliingia hadi ndani ya majengo ya Bunge, na watu walipoteza maisha siku hiyo. Kesho yake Rais alisema hatautia sahihi. Sisi tunaona aibu kwamba ilibidi damu imwagike ili jambo lisikike, wakati kamati ilikuwa imekwisha kupokea maoni ya watu. Kupokea ni kitu kimoja, kusikia ni kingine.

Tunajua mtasema basari zinasaidia watoto. Zinasaidia, hatukatai. Hazina ya maeneo bunge ilianza 2003 na madarasa tunayaona. Lakini mnamo Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya hazina hiyo ya mwaka 2013, kwa sababu ilichanganya kazi ya kutunga sheria na ile ya kuendesha miradi. Mtu anayejisimamia mwenyewe atamuuliza nani swali?

Mama mmoja wa Khasoko alituuliza wiki jana: sasa mimi nisiye na nauli ya Nairobi nitafanyaje? Iko njia. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Wakili hahitajiki. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa taipu, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Mlielekeze kwa Karani wa Bunge la Taifa, au mmpe mbunge aliwasilishe. Semeni shida ni nini na mnataka Bunge lifanye nini. Semeni pia mmekwisha kwenda ofisi gani na mlijibiwaje, na kama jambo hilo liko mahakamani. Kila mmoja aandike jina na anwani yake na kutia sahihi, na asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Wekeni nakala moja kwa katibu wa kikundi, yenye tarehe, maana barua hupotea.